Tafuta dari kabla ya kumrekodi mtu

Nina faili moja kwenye kompyuta yangu ambalo sitaki kulifuta na siwezi kulitumia. Ni la dakika 14. Mzee anapiga adungu, kinubi cha kwetu, chini ya mwembe uani kwake, nje kidogo ya mji wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Anaimba kwa Kialur, katikati anasimama kunieleza kwa Kiswahili maneno yana maana gani, kisha anaendelea. Kila anapopanda, pale sauti yake na nyuzi zinapokutana, rekodi inachanika kama kitenge kilichoshikwa pande mbili kikavutwa. Nimelijaribia dawa zote ninazozijua. Halijapona.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kwaya aliniletea rekodi yake ikiwa na ugonjwa uleule. Alikuwa amechoka, alikuwa amekesha nayo, na akaniuliza swali moja tu: "Kaka, mita ya sauti haikugusa nyekundu hata mara moja. Sasa imekatikaje?" Nilinyamaza, maana swali hilo nilijiuliza mwenyewe miaka 3 iliyopita, na sikuwa na wa kunijibu. Ndiyo maana naandika, na naandika kwa kirefu.

Kisanduku changu cha sauti ni kile cha bei ya chini kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa kebo ya USB. Nilikinunua katikati ya Kampala kwa laki mbili na nusu, nikapanda nacho basi la usiku nikiwa nimekipakata hadi tumevuka daraja la Pakwach. Kina matundu mawili, moja la maiki na moja la gitaa, kila tundu na kitufe chake cha kuzungusha cha geini, yaani cha kuongeza au kupunguza nguvu ya sauti inayoingia. Pembeni kuna taa mbili ndogo, ya kijani kuonyesha kwamba sauti inaingia na nyekundu kuonyesha kwamba imezidi. Basi. Hakina mita ya kukuambia umebakiza nafasi kiasi gani. Kati ya kijani na nyekundu unatembea gizani, na vingi vya bei hiyo viko hivyo.

Kwanza tuelewane kinachotokea ndani yake. Maiki haitoi sauti, hutoa umeme mdogo mno. Shure SM58, ile maiki ya kichwa cha mviringo iliyoko sokoni tangu 1966 na ambayo kila kanisa na kila ukumbi unayo, au una nakala yake, hutoa kama milivolti 2 tu pale sauti inapokuwa na nguvu ya desibeli 94 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), yaani mtu anaimba kwa kujitoa karibu nayo. Maiki nyingi za kondensa, zile zinazohitaji volti 48, hutoa mara kadhaa ya hizo, nyingine hata mara 10 au zaidi. Umeme huo mdogo unaingia kwenye priampu, unakuzwa kwa kiasi ulichozungusha geini, halafu unafika kwenye kigeuzi kinachoupima maelfu ya mara kwa sekunde na kuandika nambari. Kigeuzi kina nambari yake kubwa ya mwisho, na tunaiita sifuri. Vipimo vyote vingine viko chini yake, kwa hiyo vinaandikwa kwa desibeli zenye alama ya kutoa: −6, −12, −20. Mtu anayeanza huidhani sifuri ni sakafu, kumbe ni dari. Sauti ikitaka kupita dari, kigeuzi hakina nambari ya kuiandikia, kinaandika ileile ya mwisho tena na tena mpaka sauti ishuke. Mlima unageuka meza. Kilichokuwa juu ya meza hakikuandikwa popote, na maji yakimwagika hayazoleki.

Siku ile nilifika kwa mzee saa 4 asubuhi. Adungu yake ni ya ukubwa wa kati, tumbo la mti lililofunikwa ngozi ya ng'ombe, shingo iliyopinda, nyuzi za nailoni. Tulizungumza Kiswahili kama ambavyo watu wa Arua wanavyofanya wakikutana sokoni, Mlugbara na Mwalur na Mkakwa na Mnubi, kila mmoja akiwa ameacha lugha ya nyumbani mlangoni. Nilisimamisha maiki moja mbele yake, ikiangalia katikati ya kinywa na nyuzi. Kwa kuwa maiki ni moja, kwenye programu nikachagua kurekodi mono, yaani chaneli moja. Nilijiona nimefanya jambo la busara, kwani kuna haja gani ya chaneli mbili kwa maiki moja?

Nilimwomba ajaribu. Akapiga kidogo, na vilele vikafika −18 kwenye mita ya programu. Nikaongeza geini. Vikafika −12. Nikaongeza tena. Vikafika karibu na −6 na hapo vikatulia, havipandi tena, hata mzee alipozidisha. Nikafurahi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba −6 ni pazuri, na nikaona hiyo ni zawadi ya mzee mwenye mkono usiotikisika. Kisanduku kilikuwa juu ya kigoda, juani. Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka na sikuiona, kwa sababu jua la Arua saa 5 halikuachii uone taa ndogo kama punje ya mtama.

Usiku, nyumbani, nikavaa hedifoni. Sekunde ya 40 nikasikia mchaniko wa kwanza. Nikavuta mawimbi karibu, nikazidi kuvuta mpaka kila wimbi likawa na upana wa kidole, na hapo nikaona. Vichwa vyote vilikuwa bapa. Vimenyooka kama vilivyokatwa kwa panga moja, upande wa juu na upande wa chini, na vyote vimekatwa katika urefu uleule: nusu. Si kwenye dari ya programu. Nusu ya njia kuifikia. Juu yake kulikuwa na nafasi kubwa nyeupe ambayo sauti haikuigusa.

Ilinichukua siku mbili kuelewa nusu ile imetoka wapi. Kisanduku chenye matundu mawili hujitangaza kwa kompyuta kama kifaa cha stereo, yaani cha chaneli mbili, hata ukichomeka maiki moja. Maiki yangu ilikuwa chaneli ya kwanza, na chaneli ya pili ilikuwa tundu tupu, ukimya. Nilipoagiza mono, kompyuta ilichukua chaneli zote mbili, ikazijumlisha na kugawa kwa mbili. Sauti kamili kujumlisha ukimya, gawa kwa mbili, unapata nusu ya sauti. Na nusu, kwa desibeli, ni kushuka 6. Kwa hiyo sauti iliyogonga sifuri ndani ya kisanduku ilionekana −6 kwenye skrini. Haikuweza kupanda zaidi ya hapo hata mzee angepiga kengele ya kanisa. Vilele "kutulia" kwenye −6 haukuwa utulivu wa mkono wake. Alikuwa anagonga kichwa darini, nami nikitazama dari nyingine, ya nyumba ya pili.

Kuongeza sauti baadaye hakusaidii kitu. Nilijaribu kwa rekodi ile, meza ikawa ndefu zaidi tu. Zipo programu zinazokisia vichwa vilivyokatwa na kuvichora upya, na zikikuta mkato mmoja mmoja mfupi zinasaidia kweli. Rekodi iliyokatwa kila kilele haina pa kukisia.

Tangu hapo nina kitu ninachokifanya kwa kila kisanduku kigeni kinachopita mkononi mwangu, na nilimfanyia kijana wa kwaya palepale mezani. Kabla ya kumrekodi mtu yeyote, naitafuta dari. Nachomeka maiki, nazungusha geini hadi mwisho kabisa, hedifoni nazivua zisije zikaniumiza, kisha naipayukia maiki "haaa" kwa sauti kubwa ya makusudi nikirekodi sekunde 5. Natafuta sauti ichanike. Halafu nayavuta mawimbi karibu na kuangalia vichwa vimekatwa wapi. Vikikatwa kwenye sifuri, mita inasema kweli. Vikikatwa kwenye nusu, mono inanidanganya, na dawa ni kurekodi stereo kisha kubakiza chaneli ya maiki peke yake, au kutumia programu inayokuruhusu kuchagua tundu namba 1 tu. Kwa yule kijana vilikatwa nusu. Alishika kichwa.

Vinaweza kukatwa mahali pengine pia, pasipo nusu wala sifuri, na hapo mkosaji mara nyingi ni kitelezi cha kiwango cha maiki kwenye mipangilio ya sauti ya Windows. Kwenye visanduku vingi kitelezi hicho hakigusi priampu hata kidogo. Kinazidisha nambari ambazo kigeuzi kimekwisha kuziandika. Ukikishusha, unashusha picha ya dari na kuiacha dari yenyewe palepale: sauti inakatika kule kule, ila sasa inakatika mita ikiwa ya kijani. Mimi nimekiweka mahali ambapo mtihani wa kupayuka unakata kwenye sifuri hasa, na sikigusi tena. Na nimezima kila kitu kinachoitwa uboreshaji wa sauti. Geini inawekwa mahali pamoja tu, kwenye kitufe cha kisanduku, kwa sababu ndipo peke yake palipo kabla ya kigeuzi.

Sasa, ukishaijua dari, uweke wapi? Mimi naacha vilele vifike kati ya −12 na −9 katika majaribio, na nikimrekodi mtu nisiyemjua naacha hata −15. Wengi wanaona huo ni uoga. Wamefundishwa kujaza mpaka karibu na sifuri, na fundisho hilo lilikuwa na maana zama za kanda, ambako kurekodi chini kulimaanisha kusikia mvumo wa kanda yenyewe, na ambako kuzidisha kidogo kulilainisha sauti badala ya kuikata. Kigeuzi hakina ulaini huo. Kila biti moja katika nambari ambazo kigeuzi kinaandika ni desibeli 6 hivi. Biti 16 zinakupa takriban desibeli 96 kutoka darini hadi sakafuni, na biti 24 zinakupa 144 kwenye karatasi, ingawa umeme wa kisanduku cha bei ya chini hauzifikii. Hata kwa biti 16, ukiacha 12 juu unabaki na 84. Hakuna ua Arua wenye utulivu wa desibeli 84 chini ya mwimbaji. Kuna kuku, kuna upepo kwenye majani ya mwembe, kuna bodaboda barabarani. Kelele za ua zitakufikia kabla hujaifikia sakafu ya kisanduku. Kwa hiyo ukirekodi chini kidogo, utaongeza baadaye na hakuna atakayejua.

Adungu inadai nafasi hiyo zaidi kuliko sauti ya mtu. Uzi unapoachiwa, mpigo wa kwanza ni mfupi sana na mkali sana, kisha sauti inashuka haraka na kuvuma. Sikio lako linasikia ule mvumo na kusema "ya wastani tu", ilhali ule mpigo wa kwanza umeshapanda desibeli nyingi juu yake. Ngoma ni hivyohivyo, embaire ya Busoga, ile marimba kubwa ya mbao, ni hivyohivyo, makofi ya kwaya ni hivyohivyo. Usiamini sikio kwenye jambo hili. Angalia kilele, na angalia kile kilele kikubwa kuliko vyote, si kile kinachojirudia.

Kuna upande wa pili nao, maana usije ukanisikia vibaya ukarekodi −40. Priampu za bei ya chini huanza kuvuma sshh kitufe kikifika robo ya mwisho. Ukijikuta huko, usizidi kuzungusha, sogeza maiki. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, hasa mahali pa wazi, unapata kama desibeli 6 bila kulipa kelele yoyote. Kutoka sentimita 40 hadi 20 ni 6, kutoka 20 hadi 10 ni 6 nyingine. Hiyo 12 ingetoka kwenye kitufe ingekuja na mvumo wake. Na ukisikia mlio mwembamba kama mbu ambao haubadiliki, chomoa chaja ya kompyuta urekodi kwa betri. Mara nyingi unakatika hapohapo. Huku kwetu Nile Magharibi tuliishi miaka mingi bila gridi ya taifa, kwa bwawa dogo la Nyagak na majenereta, kwa hiyo kufanya kazi kwa betri hatuhitaji kufundishwa.

Nisisahau harusi, kwa sababu huko ndiko vijana wengi wanakoharibu. Unaombwa urekodi sherehe, fundi wa spika anakupa kebo kutoka kwenye miksa yake, unaichomeka kwenye tundu la maiki, na taa inakuwa nyekundu hata geini ikiwa imefungwa kabisa. Kisanduku hakijaharibika. Miksa ya kitaalamu hutoa volti 1 na kitu, na maiki tuliiona inatoa milivolti 2, tofauti ya zaidi ya mara 600. Kwenye visanduku vingi vyenye tundu la pamoja, plagi ya pini tatu huenda kwenye priampu ya maiki, na jeki nene ya milimita 6.35 huenda kwenye njia ya laini, iliyoumbwa kwa umeme mkubwa. Tumia jeki. Na kama bado inazidi, mwombe fundi kwa heshima apunguze tundu la kutokea upande wake. Usikubali akuambie "punguza kwako", kwa sababu kwako kitufe kimeshafika mwisho na sauti imekatika kabla ya kukifikia. Tena fanya hivyo kabla bibi harusi hajaingia, maana fundi naye ana kazi zake. Ukiwa na chombo cha muziki chenye kinasa cha kubandika kwenye ngozi au mti, kichomeke kwa jeki na ubonyeze kitufe cha gitaa, kama kisanduku chako kinacho. Bila hicho, sauti nene inapotea, inabaki nyembamba kama ya redio ya mbali.

Kuna visanduku vya siku hizi vinavyojipangia vyenyewe. Scarlett 2i2 ya kizazi cha nne, iliyotoka 2023, husikiliza kwa muda mfupi na kuchagua geini, kisha ikiona sauti inakaribia kuzidi inashusha yenyewe. Kuna vinasa vya kurekodi kwa biti 32 za nukta elea, namna ya kuandika nambari yenye nafasi kubwa mno, kama Zoom F6 ya 2019, ambavyo vilele vyake havikatiki kirahisi hata ukikosea. Navitamani, sitadanganya. Lakini kijana wa kwaya ana kisanduku alicho nacho, na mimi nina changu, na wazee tunaotaka kuwarekodi wana umri walio nao leo.

Nilirudi kwa mzee baada ya wiki 6. Sikumficha, nilimwambia rekodi iliharibika na kosa ni langu. Akasema, "Hakuna neno, mwanangu, wimbo haujaisha." Akapiga tena, wimbo uleule, lakini yale maelezo ya katikati hakuyarudia. Siku ile ya kwanza alinieleza kwa kirefu, akataja mto, akataja ng'ombe wa babu yake, akacheka. Mara hii alisema tu, "Nilishakuambia." Na kweli alishaniambia, maneno yamo kwenye lile faili, yanasikika vizuri, kwa sababu alipoongea alishusha sauti. Ni kuimba kulikochanika. Ndiyo sababu silifuti.

Mara hii nilikuwa nimekikinga kisanduku na jua kwa kofia yangu ili nione taa. Nilirekodi stereo. Nilimpa heshima yake, nikakaa chini kwenye mkeka, na sikumwambia "jaribu" kama mara ya kwanza, kwa sababu mtu akiambiwa ajaribu hupiga ya kujaribu. Nilimwomba, "Baba, naomba unipigie pale mahali pa mwisho, pale unapowaita watu." Akauliza, "Kwa nguvu?" Nikamwambia kama siku ya sherehe. Akapiga kama siku ya sherehe, kilele kikafika −4. Nikashusha geini. Akapiga tena, −10. Nikashusha kidogo zaidi, kwa sababu nilijua akishapata moto atapita hapo, na alipita: katikati ya wimbo wenyewe, majirani walipoanza kusogea kwenye ua na mama mmoja akapiga kigelegele, nilikiona kilele cha −5. Chini ya kofia hapakuwaka nyekundu.

Alipomaliza nikampa hedifoni asikilize. Akasikiliza akiwa amefumba macho, dakika nzima, mkono wake ukitembea kwenye nyuzi bila kuzigusa. Kisha akazivua, akagonga uzi wa tatu kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Huu umelegea," akasema. "Kumbe nilikuwa siusikii."

Akaukaza, akaulinganisha na wenzake, akaniambia niwashe tena.